MGENI AMEKUJA: JE, MWENYEJI AMEPONA?

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii ya wazee imefanyishwa kazi kubwa katika mji wa Malindi, huko pwani ya Kenya. Kila anapotokea mtu kuuliza mji umefaidi nini kutokana na majumba ambayo wastaafu wa kutoka Italia wamejijengea kando ya bahari, hujibiwa kwa methali hiyo. Dalali wa viwanja huitamka, mwenye hoteli huitamka, na mwanasiasa atafutaye kura huitamka kwa sauti kubwa zaidi. Lakini methali hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza umetimia: mgeni amekuja. Upande wa pili ndio unaodai jibu: je, mwenyeji amepona?

Jambo hili si la Malindi peke yake. Linawahusu watu wa Watamu na Diani, na linawahusu vilevile watu wa Unguja, wa Bagamoyo, na wa kila mahali penye mchanga mweupe na wenyeji wenye kipato kidogo. Kwa hiyo yafaa lichambuliwe pasipo haya na pasipo chuki.

Huko Ulaya mzee akaribiaye kustaafu huelezwa kwamba maisha katika pwani ya Afrika Mashariki ni rahisi. Huonyeshwa bei ya samaki na bei ya maembe. Huonyeshwa mshahara wa mpishi, wa mtunza bustani na wa mlinzi wa usiku. Kisha huonyeshwa picha ya nyumba ya makuti iliyotazama bahari. Hakuna uongo katika bei hizo. Uongo umo katika neno "rahisi". Hakuna kitu kilicho rahisi kwa asili yake. Kikiwa rahisi kwa mmoja, yuko mwingine aliyelipa sehemu iliyobaki. Mshahara wa mpishi unaomfurahisha mgeni ndio mshahara uo huo unaomshinda mpishi kulipia karo ya mwanawe. Kiitwacho unafuu wa maisha katika lugha ya mmoja, katika lugha ya mwingine huitwa ufukara.

WALIKOTOKA

Waitaliano hawakufika Malindi kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Wataalamu walirudi kwao na habari za bahari na jua. Nyuma yao zikaja hoteli. Nyuma ya hoteli zikaja nyumba za likizo. Na nyuma ya nyumba za likizo wakaja wazee waliokusudia kumalizia siku zao hapo. Leo wako vijana wauzao vinyago ufukweni ambao huzungumza Kiitaliano pasipo kukanyaga darasa la lugha hiyo hata siku moja.

Si haki kumfanya kila mstaafu huyo kuwa bepari. Wamo matajiri kati yao, lakini wamo pia waliokuwa mafundi, makarani na walimu. Italia ya leo humtaka mfanyakazi angoje hadi miaka 67 ndipo apate malipo ya uzeeni kwa utaratibu wa kawaida. Pensheni ya kiwango cha chini huko ni kiasi cha euro 600 kwa mwezi, fedha ambazo katika mji kama Milano haziwezi kulipa pango, kupasha nyumba moto wakati wa baridi, na bado zikabaki za chakula. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiujenga utajiri wa nchi yake huambiwa na bei za dukani kwamba nchi hiyo haina tena nafasi yake. Hilo ni shtaka juu ya mfumo wa uchumi wa huko, wala si shtaka juu ya mzee.

Tena mfumo huo hauna haya. Tangu 2019 Italia yenyewe imekuwa ikiwaalika wastaafu wa nchi nyingine wahamie katika miji midogo ya kusini mwake, ikiwaahidi kodi ya asilimia 7 tu juu ya mapato yao ya nje. Hivyo mzee wa Ujerumani huvutwa kwenda Sicilia, na mzee wa Italia huvutwa kwenda Malindi. Kila mmoja hukimbilia kwa aliye maskini kuliko yeye. Je, mzee wa Malindi akimbilie wapi? Yeye ndiye wa mwisho katika mstari huo, na nyuma yake hakuna nchi nyingine iliyo rahisi zaidi.

ELFU MBILI NA ELFU MBILI

Kwa mujibu wa kanuni za uhamiaji za Kenya za mwaka 2012, mgeni atakaye kukaa nchini humo pasipo kufanya kazi huomba kibali cha daraja la K. Hapana budi awe ametimiza miaka 35, na awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Kimarekani kwa mwaka. Yaani dola 2,000 kwa mwezi. Chini ya hapo, kanuni humhesabu kuwa mtu asiyestahili kukaa kwa kibali hicho.

Serikali hiyo hiyo ina mpango uitwao Inua Jamii, ambao tangu 2018 umekuwa ukiwahudumia wazee wa nchi hiyo waliotimiza miaka 70 na ambao hawana pensheni. Mzee aliyeandikishwa katika mpango huo hutengewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Elfu mbili na elfu mbili! Tarakimu ni zile zile, bahari ni ile ile, na soko la kununulia unga ni lile lile. Kilicho tofauti ni jina la fedha tu. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola moja, kilichokuwapo tangu katikati ya 2024, elfu mbili ya mgeni ni shilingi 260,000, na elfu mbili ya mwenyeji hubaki kuwa shilingi 2,000. Kiwango cha chini anachotakiwa mzee mgeni kuwa nacho ni mara 130 ya kile anachopewa mzee mwenyeji. Asitokee mtu wa kusema kwamba wazee hawa wawili wanaishi mji mmoja. Wanaishi miji miwili iliyojengwa juu ya mchanga mmoja.

Labda itasemwa kwamba mfano huo si wa haki, kwa kuwa fedha za Inua Jamii ni msaada, na pensheni ya mgeni ni jasho lake. Vema, na achukuliwe mwenyeji aliyetoka jasho. Achukuliwe mpishi aliyepika katika jumba la mgeni kwa miaka 30. Hadi Februari 2023, mchango wa mfanyakazi wa Kenya katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri alitoa shilingi 200 nyingine. Hata kama mpishi huyo angechangiwa kwa kiwango hicho kila mwezi kwa miaka yote 30 bila kukosa, jumla yake pasipo riba ingekuwa shilingi 144,000. Basi akiba ya miaka 30 ya mpishi haifikii mapato ya mwezi mmoja ya mgeni aliye katika daraja la chini kabisa la kibali chake. Nao wote wawili wamezeeka, na wote wawili walifanya kazi.

Zaidi ya hayo, pale nchi ipatapo dhiki, dhiki hiyo haiwaangukii sawasawa. Kati ya mwanzo wa 2022 na Januari 2024 shilingi ya Kenya iliporomoka kutoka kiasi cha 113 kwa dola hadi kiasi cha 160. Katika muda huo dola 2,000 za mgeni ziliongezeka kutoka shilingi 226,000 hadi shilingi 320,000, naye hakuinua hata kidole. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, na Septemba ya mwaka huo bei ya petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita. Mvuvi mwenye mashine ndogo ya mashua hakuwa na dola ya kumkinga. Aliinunua petroli hiyo kwa shilingi zilizopungua nguvu, akaenda mbali zaidi kutafuta samaki, na aliporudi alikuta bei yake ikipangwa na tajiri mwenye jokofu. Msiba wa sarafu uliokuwa hasara kwake ulikuwa nyongeza ya pensheni kwa jirani yake.

Wazee walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Katika jambo hili methali hiyo imepinduliwa juu chini. Kibali cha daraja la K humkataza mgeni kufanya kazi ya kuajiriwa. Kwa maana nyingine, sheria humkataza kushika jembe, na jembe hubaki mikononi mwa mwenyeji, akimlimia mgeni bustani ya maua katika ardhi ambayo babu yake mwenyeji aliilima muhogo.

ARDHI ILIYO CHINI YA NYUMBA

Hapo ndipo kilipo kiini cha gharama za maisha katika pwani hiyo. Bei ya unga hupanda na kushuka. Lakini mtu asiye na kiwanja hana ngome yoyote ya kujikingia. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Mwambao wa Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, Waingereza walitunga sheria iliyowataka wote wenye madai ya ardhi ya Mwambao walete uthibitisho, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na karatasi na waliojua njia ya ofisini walipata hati. Wamijikenda, waliokuwa wakiimiliki ardhi kwa mila na kwa ukoo, na watu waliotoka tu utumwani, wengi wao walikosa. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kukataa amri za wakoloni chini ya uongozi wa watu kama Mekatilili wa Menza, walifukuzwa kwa silaha kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, ambao huingia baharini karibu na Malindi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, hati za zamani ziliendelea kuwa hati, na wasio nazo wakaendelea kuitwa maskwota katika nchi ya mababu zao. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilizitaja dhuluma za ardhi za Pwani katika ripoti yake. Ni juu ya msingi huo uliopinda ndipo zilipojengwa nyumba za mapumziko. Mgeni hakuiba kiwanja. Alikinunua kwa mtu mwenye hati. Lakini fedha zake zilifanya kosa la zamani lizidi kuwa gumu kusahihishwa. Kiwanja ambacho bei yake hutajwa kwa euro hakiwezi tena kununuliwa na mtu apokeaye shilingi, wala na Serikali itakayo kumgawia mtu huyo.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilijaribu kuweka mpaka. Ibara ya 65 huzuia mtu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokuwa na hati za milele au za muda mrefu zaidi walihesabiwa kuwa na miaka 99. Ilikuwa hatua ya maana. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa jana katika kibanda cha nyuma ya ukuta, miaka 99 ni maisha yake yote na sehemu ya maisha ya wanawe.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa hali hii wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba wageni wameleta kazi. Ni kweli kazi zipo. Lakini kazi gani, na kwa malipo gani? Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kilifikishwa kiasi cha shilingi 16,000 kwa mwezi, na katika miji midogo ni pungufu ya hapo. Mwajiri mwenye dola 2,000 akiulipa mshahara huo hutoa sehemu ya kumi na sita ya mapato yake kwa mtu anayempikia, anayemfulia na anayemlinda. Kazi si hisani. Anayelipwa ujira mdogo ndiye anayemsaidia anayelipa, wala si kinyume chake.

Tena kazi hizo huning'inia kwenye uzi mmoja. Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa hadi Agosti. Mji uliofundishwa kuishi kwa kumngoja mgeni ulijikuta hauna wa kumngoja. Mji wenye mashamba yake, viwanda vyake na uvuvi wake ungetikisika pia, lakini usingeanguka kifudifudi.

Hoja ya pili ni kwamba mji umejengwa na kupendeza. Huo nao ni ukweli wa nusu. Ibara ya 62 ya Katiba hiyo hiyo huihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Ufuko ni wa wananchi. Lakini ufuko usio na njia ya kuufikia ni sawa na kisima kilichofunikwa kwa jiwe. Ukuta ukijengwa hapa na mwingine pale bila kuacha kichochoro kati yake, mvuvi huyabeba madema yake kwa mzunguko mrefu, na mama anayetafuta chaza na pweza maji yanapokupwa huulizwa na mlinzi anakwenda wapi. Mlinzi mwenyewe huenda ni mtoto wa dada yake.

Hoja ya tatu husemwa kwa kunong'ona: kwamba wageni wakiwekewa masharti watakwenda kwingine. Hoja hiyo imekanushwa na Wazungu wenyewe. Ureno, iliyokuwa ikitoa vibali vya ukaazi kwa wageni wanunuao nyumba, iliifunga njia hiyo mwaka 2023 katika sheria ya kukabili uhaba wa makazi. Hispania ikafuata Aprili 2025. Nchi hizo zina fedha na nguvu kuliko nchi yoyote ya Afrika Mashariki, nazo ziliona kwamba mwenyeji akishindwa kupanga nyumba katika mji wake, hakuna takwimu ya watalii inayoweza kumfariji. Ikiwa Lisbon imeweza kusema basi, Malindi inaogopa nini?

MWENZAKO AKINYOLEWA

Yanayosemwa juu ya Malindi yasichukuliwe kuwa masimulizi ya jirani. Tanzania Bara ina kinga katika Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo haimpi mtu asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya Serikali na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Misingi hiyo ni mizuri. Lakini leo katika Zanzibar hiyo hiyo mgeni anunuaye nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa hufunguliwa mlango wa kibali cha ukaazi, na matangazo ya nyumba hizo hutaja unafuu wa maisha kwa maneno yale yale yaliyotajwa kwa Malindi. Neno "uwekezaji" ni pana. Likiachwa bila mlinzi, laweza kumpitisha mtu aliyekuja kupumzika tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hakuna anayedai kwamba wazee wa Ulaya wafukuzwe. Utu wa watu wa pwani hauruhusu, wala haki hairuhusu. Kinachodaiwa ni kwamba mgeni alipe bei kamili ya maisha anayoishi, badala ya kulipiwa nusu yake na maskini.

Kwanza, kila mtumishi wa nyumbani awe na mkataba wa maandishi na achangiwe katika hifadhi ya jamii, na kibali cha ukaazi cha mgeni kisitiwe saini upya mpaka risiti za michango hiyo zionekane. Pili, kodi za viwanja vya ufukweni zikadiriwe kwa thamani yake ya sasa, na sehemu yake iwekwe katika fungu maalumu la kuwanunulia ardhi wale wasio na hati. Tatu, kila baada ya majumba machache iachwe njia ya umma ya kwenda pwani, na madiko ya wavuvi yapimwe na kupewa hati kabla ya kiwanja kingine chochote kupimwa. Nne, gharama za maisha za mji wa pwani zipimwe kwa kapu la mwenyeji, yaani unga, mafuta ya taa, maji, karo na nauli, badala ya kupimwa kwa hesabu za madalali zinazomwonyesha mstaafu wa ng'ambo jinsi pensheni yake itakavyotosha.

Masharti hayo si mazito. Mstaafu mwungwana, aliyekuwa mfanyakazi na anayejua maana ya kudai haki kwa mwajiri, atayaona kuwa ni haki, maana kwao aliyapigania hayo hayo. Atakayeyakimbia atakuwa amethibitisha kwamba alichokipenda katika pwani hii ni ufukara wa watu wake.

Siku mzee wa Malindi atakapoweza kustaafu katika Malindi, akiwa na kiwanja chenye hati, akiba ya kumtosha dawa na chakula, na njia ya kushukia baharini kuangalia mitego yake, siku hiyo methali itakuwa imetimia pande zote mbili. Kabla ya siku hiyo, anayeitamka mbele ya wananchi aulizwe papo hapo: huyo mwenyeji aliyepona anaishi mtaa gani?